Kutoka Sur hadi Mirbat kwa hema

Sur. Tumetoka Maskati alfajiri, mimi na mume wangu, gari limesheheni: hema, jiko la gesi, madumu matatu ya maji, mkaa. Njia ya bara hadi Salalah ni kama kilomita 1,000, lami tupu. Sisi tumekubaliana kuandama bahari, hata tukichelewa siku nne.

Hapa Sur wanalitunza nchi kavu jahazi Fatah al-Khair, lililoundwa mji huu huu mwaka 1951. Mzee aliyeketi kivulini mwake alitusikia tukizungumza, akageuka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Kilwa."

"Kilwa ipi? Kivinje, Masoko au Kisiwani?"

Machozi yalinilenga. Ujanani alikuwa baharia: wanafika kwetu na kaskazi, wanarudi kwao na kusi.

Al Khaluf. Mchanga mweupe kama chumvi. Kwetu chombo hupandishwa pwani kwa magogo na mabega ya watu, kwa nyimbo. Hapa pikapu kuukuu, imeliwa na kutu hadi milango, inarudi kinyumenyume mpaka maji yaguse bampa. Kamba inafungwa, boti la faiba linapanda. Dakika mbili, kazi imekwisha. Mwenye boti hana haja ya kumwita jirani. Bado naipenda zaidi ya kwetu, maana mtoto aliyeshika kamba huondoka na kitoweo cha kupeleka nyumbani.

Tulikwama mchangani. Mume wangu akapunguza upepo kwenye matairi yote manne, tukatoka.

Ras Madrakah. Majabali meusi, upepo, na hakuna mti hata mmoja. Kilwa sijawahi kutafuta kivuli. Mkwaju upo, mnazi upo, unakaa tu. Hapa tumekifuata kivuli cha gari kama kuku, asubuhi upande huu, jioni upande ule. Usiku ukashuka umande mzito wa baharini, hema likalowa kana kwamba mvua imenyesha. Asubuhi tulilikamua kwa mikono miwili, yeye ncha ile, mimi ncha hii.

Hasik. Barabara imechongwa kati ya genge na mawimbi. Penye mwamba mmoja maji baridi yanadondoka juu kabisa, tone kwa tone, hatua chache tu kutoka bahari ya chumvi. Nikakinga kiganja, nikanawa uso.

Ubani nimeufahamu tangu utoto, kwenye chetezo, siku ya maulidi na siku ya msiba, lakini mti wake sikuwahi kuuona. Ni mfupi, matawi yamejipinda, gome linabambuka kama karatasi. Kwenye kidonda cha zamani pameganda chozi la rangi ya maziwa. Nililisugua kwa kidole, na hapo hapo nikawa chumbani kwa bibi yangu.

Njiani tuliona dagaa wameanikwa mchangani, kama Kivinje kabisa. Ila hawa wengi ni chakula cha ngamia.

Sasa bahari ni shwari. Kuanzia Juni hadi Septemba kusi ileile inayotikisa ngalawa zetu hufika huku imejaa unyevu. Wanaiita harifu. Milima ya Dhofar hufunikwa ukungu na manyunyu, majani yakaota. Mawimbi huwa makali hata boti ndogo zikalazwa pwani. Maji ya chini, ya baridi, hupanda juu na chakula tele cha samaki. Ndiyo maana bahari iliyopakana na nchi kavu namna hii ina neema kubwa.

Mirbat. Nyumba ya kale, ukuta mmoja umeanguka. Vyumba vyembamba kama vya majumba ya mawe ya kwetu, na sababu ni hiyohiyo: upana wa chumba ni urefu wa boriti ya mkoko. Nikainua macho. Boriti zingali pale, nyeusi kwa moshi.

Babu mzaa mama alikuwa akikata boriti delta ya Rufiji, tope hadi magotini, akizihesabu kwa korija kabla hazijapakiwa majahazini kwenda Arabuni. Hajawahi kuona zilikoishia. Nikaanza kuhesabu kwa sauti. Zilikuwa 22.

"Korija moja na mbili," nikasema.

Mume wangu, mzaliwa wa Maskati, akauliza korija ni nini. Nikaanza tena tangu ya kwanza, safari hii tukihesabu pamoja.