Gurudumu Langu la Sumaku



Ndugu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu wapenzi, leo naomba niwasimulie jambo ambalo wengi hapa Buyenzi wanalijua nusu tu. Wanajua kwamba mwaka 2019 maalim alitengeneza gurudumu la sumaku. Nusu iliyobaki nimekaa nayo mwenyewe, na imenichosha.

Chanzo kilikuwa umeme. Madrasa yetu husoma baina ya Magharibi na Isha, na siku zile taa zilikuwa zikizimika watoto thelathini wanabanana kwenye tochi ya simu moja. Basi nikaona video ya mtu aliyebandika sumaku kwenye gurudumu, likawa linazunguka lenyewe na kuwasha balbu, bila petroli wala betri. Nikajisemea, Buyenzi tunakosa nini? Mafundi tunao, na spika mbovu zimejaa kila karakana.

Mzazi mmoja alinipa faranga 60,000. Akasema, "Maalim, watoto wakisomea taa hiyo, nami nipate fungu langu la thawabu."

Nikanunua sumaku za spika, nikatoa nyingine ndogo kwenye diski za kompyuta zilizokufa. Hizo ndogo ni kali sana, zilinibana kidole hadi damu ikatoka. Nikazipanga kwenye rimu ya baiskeli kwa umbo la V, na sumaku moja kubwa nikaifunga kwenye fremu. Kweli gurudumu lilivutwa! Lilikimbia kwa nguvu mpaka pale V inapojifunga, likasita, likarudi nyuma, likayumba mara mbili tatu, likatulia. Nikabadilisha nafasi, nikabadilisha pembe. Miezi miwili likawa linasimama pale pale.

Sasa ndiyo ile nusu. Wazazi walipokuja kuangalia, niliisogeza ile sumaku kubwa mbali kidogo, na kabla hawajaingia nikalisukuma gurudumu kwa mkono wangu. Beringi ilikuwa mpya, likazunguka muda mrefu. Wakaleta takbira. Mimi nikanyamaza. Wiki hiyo, Allah anisamehe, darasani tulikuwa tunasoma mlango wa amana.

Aliyenifungua macho ni mwanafunzi wangu aliyekuwa akisoma fizikia shuleni. Alikuja na mizani ya kuning'iniza ya mama yake muuza ndagala. Akasema, "Maalim, tusibishane, tupime." Tukaifunga kwenye rimu, tukawa tunalisogeza gurudumu shubiri moja moja, tunaandika ubaoni: hapa sumaku inasaidia kiasi gani, hapa inazuia kiasi gani. Tulipojumlisha mzunguko mzima, kilichosaidia na kilichozuia vilikaribiana mno, na kilichozuia kilizidi kidogo kwa sababu ya msuguano. Yaani sumaku humpa mtu nguvu wakati wa kusogea, kisha huidai yote wakati wa kuondoka. Ukizipanga V au duara au vyovyote, hesabu ni ile ile.

Baadaye nilisoma nikaona sikuwa wa kwanza kuhangaika. Mwaka 1269 Mfaransa aitwaye Petrus Peregrinus aliandika waraka mzuri sana juu ya sumaku. Ndiye aliyezieleza ncha zake mbili, na ndani ya waraka huo huo akachora gurudumu la sumaku la kuzunguka daima! Mtu anaweza kuwa mjuzi na akakosea katika ukurasa unaofuata. Kabla yake, mwaka 1206, Al-Jazari alikamilisha kitabu chake cha mitambo. Saa zake za ajabu zilikwenda kwa maji yanayoshuka, na maji yakiisha hujazwa tena. Mwaka 1775 Chuo cha Sayansi cha Paris kiliamua kutopokea tena mashine za namna hii. Na umeme wetu wa Rwegura nao ni maji yanayoshuka, yaliyopandishwa angani na jua.

Ndugu yangu mmoja katika kufundisha aliniambia gurudumu lilisimama kwa kuwa nilitaka kushindana na Muumba wa kudumu. Sikukubaliana naye, na mpaka leo sikubali. Lilisimama kwa hesabu ambayo mtoto wa miaka kumi na tano aliipata kwa mizani ya samaki. Kosa langu halikuwa kujaribu. Lilikuwa kwenye mkono uliosukuma na mdomo uliofungwa.

Nilimwendea yule mzazi baada ya Swala ya Ijumaa. Nikamwambia gurudumu halifanyi kazi. Akauliza, "Na ile siku tuliyoliona?" Nikasema, "Nililisukuma mimi kabla hamjaingia." Hakucheka wala hakukasirika, alinitazama tu, na hapo ndipo pagumu kuliko matusi. Pesa nilimrudishia mara tatu, faranga 20,000 kila mwezi. Alipopokea fungu la mwisho alinyamaza, kisha akauliza kama zile sumaku bado zina nguvu, kwani anataka moja ya kuokotea misumari kwenye karakana yake.

Nikampa ile kubwa.