Sebule Iliyotukimbiza

Tulipohamia Mpanda tulishuka kwenye treni ya reli ile inayochepukia Kaliua, tukiwa na mikeka na sufuria tu. Mkoa huu wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012, una misitu ya miombo, na mafundi wake huchonga samani nzuri za mninga. Tamaa ikatushika. Tukaagiza makochi makubwa na kabati la vyombo bila kupima chumba.

Siku yalipoletwa, makochi hayakupita mlangoni mpaka fremu ilipong'olewa. Kabati likaziba dirisha. Juu ya hayo tukatundika mapazia mazito. Ilipofika Oktoba, joto lilipopanda kabla ya mvua, sebule ikawa tanuri la matofali. Watoto wakahamia uani na mikeka yao, na wageni wakawafuata. Tulikuwa tumepamba chumba kisichokaliwa na mtu!

Tukauza kochi moja, tukasogeza kabati, tukashona mapazia mepesi. Jioni moja watoto wakarudi ndani wenyewe, tukala pamoja.

Mama mpendwa, kabla ya kufungua pochi, shika futi. Pima mlango, pima dirisha, kisha hesabu watu wako.