Mlima Kwenye Mizani

Mpwa wangu aliegesha gari kando ya Barabara Kuu namba 50, akazima injini, kisha akanitazama miguuni. "Mjomba, ndiyo viatu vyenyewe hivyo?"

Nilikuwa na raba. Tulipoondoka Sacramento saa mbili asubuhi miti ilikuwa imeshachipua majani na watu wanatembea na fulana. Kilomita kama 145 mbele, kwenye mwinuko wa mita 2,070 hivi katika milima ya Sierra Nevada, jimbo la California, dunia ilikuwa nyeupe na jua lilinichoma machoni kutokea chini. Mahali penyewe huitwa Phillips Station. Jina lina fahari kuliko pahala: ni uwanda mdogo, misonobari pande zote, vibanda vichache vya mbao. Hata hivyo kila mwaka, mwanzoni mwa Aprili, waandishi wa habari hupanda hadi hapa kumtazama mtu akichomeka bomba ardhini.

Tarehe ilikuwa 2 Aprili 2024. Wapimaji wa Idara ya Rasilimali za Maji ya jimbo walikuwa wamevaa vile vitu vya kutembelea thelujini, mfano wa nyungo mbili zilizofungwa miguuni. Mimi na raba zangu nilizama hadi magotini hatua ya tatu. Theluji ya Aprili haifanani na ile ya kwenye kadi za Krismasi. Ni chembechembe nzito, kama chumvi ya mawe, na inaingia kwenye soksi bila hodi.

Kazi yenyewe ni ya kizamani kiasi cha kukufanya utabasamu. Bomba refu la alumini, lenye meno mdomoni na alama za inchi ubavuni, husimamishwa wima na kuzungushwa likishuka hadi liguse ardhi. Mpimaji anasoma kina, analivuta, halafu anakagua mdomo wake: lazima kuwe na donge la udongo, ushahidi kwamba limefika chini kweli. Donge linakwanguliwa. Kisha bomba, na theluji yake tumboni, linatundikwa kwenye mizani ya kuning'iniza, ndugu wa ile ya kliniki inayopimia watoto wachanga. Uzito unatajwa, mwenzake anaandika, wanasogea hatua kadhaa, wanaanza upya.

Kwa nini uzito, na rula ipo? Fikiria godoro la sufi. Likiwa jipya limefura hadi unapanda kitandani kwa kuruka. Ukilala juu yake miezi sita limeshindiliwa, lakini sufi ni ile ile. Theluji ndivyo ilivyo. Kina chake hakikuambii una maji kiasi gani, uzito ndio unaokuambia. Bomba limechongwa kwa hesabu hiyo: kipenyo chake cha ndani ni inchi 1.485, hivyo kila aunsi moja ya theluji iliyomo ni sawa na inchi moja ya maji endapo yote ingeyeyuka pale pale.

Na aliyelibuni hakuwa mhandisi. James Church alikuwa profesa wa Kilatini katika Chuo Kikuu cha Nevada, mjini Reno. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa akipanda Mlima Rose wakati wa baridi, akajenga kituo kidogo cha hali ya hewa juu yake, na akaanza kuipima theluji kwa bomba. Huko chini watu walikuwa wakigombana juu ya Ziwa Tahoe: wenye viwanja vya ufukweni hawakutaka maji yapande, wenye mitambo ya umeme walitaka kuyafungulia wanavyopenda. Profesa aliwaonyesha kwamba ukijua uzito wa theluji ya majira ya baridi, unaweza kusema mapema ziwa litapanda kiasi gani. Nampenda sana mzee huyu. Nimekutana na wahandisi wengi walioharibu lugha, lakini mwalimu wa lugha aliyewasaidia wahandisi ni yeye tu.

Serikali ilichukua kazi hiyo baadaye. California ilianzisha mpango wake mwaka 1929, na ule wa serikali kuu ya Marekani kwa majimbo mengine ya magharibi ukapata fedha mwaka 1935, baada ya ukame mkali. Leo jimbo hili lina vituo zaidi ya 260 vya kupimia kwa mkono, na vihisi kama 130 vinavyotuma taarifa vyenyewe. Tangu 2013 kuna pia ndege zinazopiga milima miale ya leza na kupata kina cha theluji cha bonde zima kwa safari moja. Ndege ni ghali, na kila bajeti inapojadiliwa huwa na wa kuuliza kama kweli zinahitajika.

Mimi ni mtu wa Moshi. Tulilelewa tukiamini mito yetu inatoka kwenye theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kumbe sehemu kubwa ni mvua na ukungu wa ule msitu wa katikati ya mlima. Shuleni kwetu palikuwa na kipimamvua, kila asubuhi zamu ya mwanafunzi mmoja kukisoma. Siku moja mtu akakichukua akapimie mafuta ya taa. Hakikurudi, na mvua za miaka iliyofuata hazina namba hadi leo. Pale Phillips wamekuwa wakipima tangu 1941.

Ndiyo maana tukio la 1 Aprili 2015 liliwashtua. Gavana wa wakati huo, Jerry Brown, alisimama hapa hapa pamoja na Frank Gehrke, mkuu wa upimaji, na chini ya viatu vyao palikuwa na majani makavu. Katika miaka 75 ya vipimo vya mwanzo wa Aprili, ilikuwa mara ya kwanza uwanda huu kukutwa mtupu. Siku hiyo hiyo Brown aliamuru matumizi ya maji mijini yapunguzwe kwa asilimia 25. Miaka minane baadaye, Aprili 2023, bomba lilizama inchi 126.5, na ziwa la Tulare, lililokaushwa zamani ili palimwe, likarudi na kumeza mashamba.

Mpwa wangu anaendesha lori la mpunga, hivyo habari hizi kwake si za magazetini. Akiba haiozi, husema wahenga, ila hii ya mlimani huyeyuka, na bonde lote linategemea iyeyuke taratibu. Kwa wastani theluji huipatia California asilimia 30 hivi ya maji yake. Mwaka 2022, kwenye bonde la Sacramento, karibu nusu ya mashamba ya mpunga hayakupandwa. "Nilikuwa naosha lori kila siku, Mjomba, ili tu nionekane nafanya kazi."

Lakini kilichowakera wakulima zaidi, aliniambia, ni mwaka uliotangulia. Aprili 2021 theluji ilipimwa ikawa karibu asilimia 60 ya wastani. Mbaya, ila watu wakapanga mambo yao. Maji yaliyofika mabwawani yakawa pungufu mno kuliko yaliyotabiriwa: ardhi iliyokauka tangu mwaka wa nyuma ilikunywa kwanza, joto likachukua lake. Agosti hiyo bwawa la Oroville lilishuka hadi mitambo yake ya umeme ikazimwa. Mizani haikusema uongo. Kanuni za kutabiri zilikuwa zimejengwa juu ya miaka ya zamani, na hiyo miaka haipo tena.

Wapimaji walimaliza, wakakaa pembeni wakijumlisha. Gavana Gavin Newsom naye alikuwepo siku hiyo, kamera zikamzunguka. Matokeo yakatangazwa: kina inchi 64, maji ndani yake inchi 27.5, asilimia 113 ya wastani wa mahali pale. Jimbo zima, asilimia 110. Waandishi walionekana kukosa raha kidogo. Wastani ni habari ngumu kuiuza.

Mpwa wangu alikuwa ameshaandika 27.5 kwenye simu na kumtumia bosi wake, mkulima wa mpunga. Tukateremka, soksi zangu zikikauka juu ya dashibodi, mto wa American ukinguruma kando ya barabara. Tulipofika Placerville simu ikalia. Alisimama kwenye taa nyekundu, akanisomea kwa Kiswahili: "Vizuri. Na udongo je, wameupima?"