Mji Usio na Kimo

Askari walioingia nyumbani kwa shemeji yangu huko Bungulu, mjini Beni, mwishoni mwa mwaka 1998, hawakutaka redio wala baiskeli. Walisimama sebuleni wakiitazama picha ya ukutani, kisha mkubwa wao akauliza nani amechora ramani hii, na amemchorea nani. Vita vya pili vya Congo vilikuwa vimeanza mwezi Agosti. Kila kikosi kilimtafuta mpelelezi wa mwenzake, na kitambaa cha mita mbili chenye mistari myekundu, vipande vya kijivu na madoa meusi kilitosha kumtia mtu matatani. Shemeji akaeleza kwamba ni sanaa tu.

"Sanaa ina watu," akajibiwa. "Hapa watu wako wapi?"

Wakaikunja, wakaondoka nayo. Shemeji alishukuru Mungu kwamba hawakuondoka naye. Mimi picha ile sijaiona tena, kwa hiyo yote nitakayoeleza hapa yanatoka kichwani, ingawa ni kichwa cha mtu aliyechanganya rangi zake kwa mikono yake.

Mwaka 1989 nilikuwa kijana wa karakana Butembo, kwa mchora vibao tuliyemwita Mwalimu kwa kuwa aliwahi kufundisha uchoraji shuleni. Ndio mwaka ambao Askofu Emmanuel Kataliko alianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Kinshasa ilikuwa mbali, zaidi ya kilomita 1,500, na Serikali ya Mobutu tuliijua zaidi kwa kodi na salongo, zile kazi za lazima. Mji ulijengwa na wafanyabiashara. Kahawa ilipita Kasindi kwenda Uganda, nayo malori yakarudi na saruji, mabati na vitambaa. Kila aliyepata alitaka duka, kila duka lilitaka kibao, na kibao kilitulisha. Picha za kuuza majumbani tulichora zilezile zilizochorwa Congo nzima: mamba muntu, yaani nguva, na kioo chake, Lumumba amefungwa kamba, na Colonie belge, yaani yule mfungwa anayechapwa kiboko huku Mbelgiji akivuta kiko.

Tajiri mmoja alikuwa amefungua duka Goma akataka kibao chenye mkono uleule wa Mwalimu. Kwa barabara ungepita Lubero, Kanyabayonga, kisha uteremke ule mteremko wa Kabasha, na wakati wa mvua malori yalilala matopeni siku nyingi. Tajiri hakuwa na subira. Akamkatia Mwalimu tiketi ya ndege ndogo. Huyu bwana mzima, mwenye wajukuu, hakuwa amewahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi yake.

Alirudi na habari moja. "Kijana, mji wetu hauna kimo."

Akanunua marekani, tukashona vipande hadi kikatokea kitambaa kikubwa, tukakitandika sakafuni. Hakukitundika hata siku moja wakati wa kazi. Alivua viatu akakizunguka, akainama pande zote nne, ndiyo maana picha ile haikuwa na juu wala chini. Rangi ya mafuta iliyobaki kwenye vibao aliitumia kwa mapaa: nyeupe yenye kung'aa kwa mabati mapya, kahawia ya kutu kwa ya zamani. Njia zilitoka kwenye udongo wenyewe. Nilikuwa nauchekecha kwa kitambaa na kuukoroga na gundi ya maseremala. Masizi ya jikoni yakawa misitu ya mikaratusi. Katikati mistari ilinyooka, kwa sababu pale ndipo kampuni ya Wabelgiji, Minière des Grands Lacs, ilipokata viwanja vyake. Ukitoka hapo mistari ilianza kufuata migongo ya vilima, ikashuka hadi bonde la mto Kimemi penye tanuri za matofali, ikapanda tena. Hakuna aliyeipanga ile mistari isipokuwa miguu. Anga hakuchora, wala mtu, wala mti mmoja wenye shina.

Tajiri alikuja kuiona kwa sababu alisikia kwamba safari aliyoilipia imezaa kitu. Aliizunguka mara moja.

"Ghorofa langu liko wapi?"

Mwalimu akamwonyesha kipande cha kijivu kisichozidi ukucha. Jirani yake palikuwa na kipande kikubwa zaidi, nacho kilikuwa banda la kukaushia matofali. Tajiri alicheka kicheko cha kuazima, akasema picha haina watu, haina hata mlango, akaenda zake. Wakati ule nilimwona mshamba. Lakini mtu aliyesubiri saruji ya Uganda mfuko kwa mfuko, akapandisha ghorofa mbili ili aonekane toka kilima cha pili, ya nini alipe fedha aambiwe kwamba toka juu yeye ni mabati tu?

Siku iliyofuata mvua ilimleta mama mmoja wa Furu mwenye mzigo wa sombe. Hakuuliza hiki ni nini. Alitua mzigo, akatazama kidogo, akanyoosha kidole cha mguu. "Mwalimu, hapa umekosea. Njia hii haiendi moja kwa moja, inapinda kwanza kwenye chemchemi." Mwalimu alichukua brashi akaipinda. Mchoro ambao wasomi wangeuita dhahania, kwa mama yule ulikuwa na kosa la hatua thelathini. Tangu siku ile kila mwanamke aliyepita na mzigo aliitwa ndani, na kitambaa kikasahihishwa hadi kikachoka. Wenye magari hawakuona kitu.

Miaka mingi baadaye binti yangu aliyeko Kampala alinionyesha kwenye simu kazi za mchoraji Julie Mehretu, aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1970 na kupelekwa Marekani na wazazi wake mwaka 1977. Katika kazi hizo naye alianza na ramani za miji, viwanja na majengo, tabaka juu ya tabaka, kisha akapitisha juu yake maelfu ya mistari. Picha zake nne za mwaka 2012 amezipa jina la Mogamma, lile lililokuwa jengo la serikali kwenye uwanja wa Tahrir, Cairo. Nilizipenda, nikapotea humo. Yeye alirundika miji mingi mpaka usijue uko wapi, na nadhani aliyeng'olewa kwao utotoni ana haki hiyo. Mwalimu alikuwa na mji mmoja, na aliondoka humo mara moja tu.

Ebola ilipotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, ikaingia Beni, halafu Butembo na Katwa, nilikuwa nimerudi Butembo. Ilidumu hadi Juni 2020 na kuua zaidi ya watu 2,200. Niliombwa kuwaongoza vijana wa chanjo, maana wageni hawakukaribishwa kila mahali. Walikuwa na picha za satelaiti zilizochapwa kwenye karatasi kubwa, kila paa likiwa na namba. Mistari niliitambua papo hapo, ingawa mji ulikuwa umefurika nje ya kitambaa chetu pande zote. Njia zilizopita chini ya mikaratusi hazikuonekana. Hizo tuliwauliza akina mama.

Siku moja tulifika kwenye paa ambalo karatasi ililihesabu kuwa nyumba moja. Lilikuwa ghorofa, la mtu mwingine, si la tajiri yule, na kila chumba kilipangishwa familia nzima. Chanjo ile huhifadhiwa kwenye baridi kali mno, nyuzi 60 chini ya sifuri au zaidi, na ikishayeyushwa haigandishwi tena, kwa hiyo vijana walikuwa wamebeba dozi za nyumba moja tu. Walisimama ngazini wakihesabu vichwa. Nikawaambia wamalize kwanza ghorofa ya chini, na mmoja achukue pikipiki akalete nyingine.