Cherehani ya Singer Ilikotoka

Ziko nyumba nyingi za pwani zilizooza mabinti kwa cherehani. Ni wajane wangapi waliolea mayatima kwa kuzungusha gurudumu lile, wakishona kanzu za Idi na foronya za arusi? Jina la Singer twalijua sote. Kampuni ni ya Marekani, walakini cherehani zake nyingi zilitengenezwa Clydebank, mji wa viwanda ulio jirani na Glasgow, huko Scotland.

Kiwanda kilianza kujengwa 1882, kikamalizika 1885. Juu yake ulisimama mnara wa saa, na kila uso wa saa hiyo ulikuwa na upana wa futi 26. Reli ilifika hapo hapo, na stesheni ikaitwa Singer. Mwaka 1913 zilitoka cherehani zaidi ya milioni moja. Marehemu mama alipata moja tu maishani, ya mkono, naye aliilipia kidogo kidogo kwa ujira wa kushonea watu.

Lakini ujira wa walioiunda, je? Machi 1911 wanawake 12 waliokuwa wakisugua na kung'arisha mbao za cherehani waliongezewa kazi, wala hawakuongezewa malipo. Wakatoka. Wenzao nao wakatoka, idara baada ya idara, hata katika watu kama 11,000 karibu wote wakawa nje. Wakuu wakafunga milango, kisha wakawapelekea wafanyakazi kadi kwa posta, kila mtu atie sahihi kama yu tayari kurudi. Hii ndiyo hila iliyonishangaza zaidi: mtu aliyekuwa na nguvu katika kundi aliulizwa akiwa peke yake nyumbani, mbele ya watoto wenye njaa. Mgomo ukavunjika Aprili, na baadaye watu wapatao 400 walifukuzwa, wakiwamo viongozi wake.

Machi 1941 ndege za Ujerumani zilishambulia mji kwa mabomu usiku wa siku mbili, bohari la mbao la kiwanda likateketea. Saa ilibomolewa 1963, kiwanda kikafungwa 1980, na majengo yaliyosalia yakabomolewa 1998.

Stesheni ndiyo iliyobaki na jina. Gari moshi bado zasimama Singer, na abiria hushuka pasipo na kiwanda.