Maji Yanatoka. Halafu?

Wasee, leo sina stori ya simu wala ya nduthi. Leo ni injini ya boti, na ni stori ya venye nilimkosea mjomba wangu.

Mjomba ana boti ya abiria Lamu. Injini yake ya zamani ilipokufa, alisikia kuna moja ya mtumba Mombasa, nguvu ya farasi 40, silinda mbili, bei 160,000. Akanipigia. "Wewe uko hapo karibu, na mashine unazijua. Niendee ukaiangalie." Kuzijua kwenyewe ni hizi video mnazoziona hapa tu. Lakini mtu mzima akikuamini hivyo, utamwambia nini? Nikasema, "Sawa mjomba, naenda."

Nilipofika, muuzaji alikuwa ameshaifunga kwenye pipa la maji. Akavuta kamba mara moja, ikawaka. Nyuma ya injini kuna kitundu kidogo ambapo maji hutoka kama mtoto anakojoa, na siku hiyo yalikuwa yanaruka mbali kweli. Nikarekodi sekunde 20, nikamtumia mjomba kwa WhatsApp na maneno matatu: "Maji yanatoka. Nunua."

Wiki tatu za kwanza ilikuwa inavuka Mokowe na Lamu, safari fupi, hakuna shida. Siku ya kwanza kuipeleka mbali, kuelekea Pate, ikiwa imejaa watu na mizigo, ilianza kunuka rangi inayoungua katikati ya njia ya Mkanda. Halafu ikazima. Mwenye anaijua Mkanda anajua shida iko wapi: maji yakipwa, boti inakaa kwenye tope, kushoto mikoko, kulia mikoko. Ndani kulikuwa na mama na mtoto mchanga. Walikaa na jua mpaka boti nyingine ikapita ikawavuta. Hakuna aliyeumia, shukrani kwa Mungu. Lakini mjomba aliniambia kitu kimoja ambacho hakijanitoka kichwani: dakika ile injini inazima, maji bado yalikuwa yanaruka kwa kile kitundu.

Sasa hapo ndipo nilikaa chini nikajifunza kile nilipaswa kujua kabla ya kufungua mdomo.

Injini hizi hupozwa na maji ya bahari yenyewe. Chini, karibu na propela, kuna matundu ya kuvuta maji, na pampu yenye gurudumu la raba linaloitwa impela. Impela inasukuma maji juu, yanazunguka silinda, yanabeba joto, yanarudi nje. Katikati kuna thamostati, mlango mdogo unaofunguka injini ikipata moto. Kwenye injini nyingi, yale maji ya kitundu huchepuka kabla ya kufika thamostati. Kwa hivyo yanakuambia pampu inafanya kazi. Kama njia za juu zimeziba, hayana habari.

Na za yetu zilikuwa zimeziba. Fundi alipofungua alikuta chumvi na chokaa imegandia ndani, thamostati imekwama nusu, gasketi ya kichwa cha silinda imeungua. Unajua nini kilikuwa kipya kabisa? Impela. Ndiyo maana maji yalikuwa yanaruka vile. Sisemi muuzaji alikuwa mwizi. Nasema alinionyesha kitu kimoja kizuri, na mimi sikuuliza cha pili.

Kama wewe ama mzee wako anataka injini ya mtumba, fanya hivi.

Ukifika, kabla ya salamu kuisha, gusa injini. Ikiwa moto, imewashwa kabla uje. Subiri ipoe. Fungua kifuniko, angalia kichwa cha silinda: rangi iliyovimba ama kugeuka kahawia ni dalili iliwahi kuchemka. Chumvi nyeupe kwenye maungio ya gasketi ni maji yanayovuja.

Usikubali iwashwe kavu, hata "kidogo tu". Raba ya impela inategemea maji kulainisha, bila maji inaungua haraka sana. Maji ya pipa yafunike yale matundu ya kuvutia.

Maji yasipotoka kwa kitundu, zima. Ingiza uzi mgumu wa mshipi ama waya mwembamba, saa zingine ni chumvi ama nyigu wamejenga. Yakikataa bado, hapo ni pampu.

Yakitoka, usiende nyumbani kama mimi. Kaa dakika kumi, kumi na tano. Tafuta kipimajoto cha kuelekeza kama bunduki, lakini si kile cha paji la uso cha wakati wa Korona, kile ni cha joto la mwili tu. Elekeza kwenye sehemu yenye rangi ya kichwa cha silinda, kwa sababu chuma kinachong'aa kinadanganya kipimo. Thamostati nyingi za injini hizi hufunguka kati ya nyuzi 50 na 60 hivi. Kitabu cha injini kitakupa namba yake kamili. Unachotaka ni joto lipande, lifike hapo, litulie, na silinda zote mbili zikaribiane. Kama linapanda tu bila kusimama, zima uende zako.

Thamostati yenyewe unaweza kuitoa ukaiweka kwenye sufuria ya maji jikoni. Ikiwa baridi imefungwa, maji yakipata moto inafunguka. Isipofunguka, umeona.

Mwisho, iombe uipeleke baharini na mzigo. Ndani ya pipa injini haifanyi kazi ya maana. Muuzaji akikataa hilo, pia hilo ni jibu.

Matengenezo yalimla mjomba karibu nusu ya ile bei. Nilimtumia elfu 20 kwa M-Pesa, ndizo nilikuwa nazo. Akazirudisha zote siku hiyo hiyo, na ujumbe: "Hizo kula wewe. Siku nyingine kaa na mashine mpaka ichoke."

Angenigombeza ingekuwa rahisi. Kwa hii kazi yangu, mimi hupeana hukumu kila wiki: nunua, wacha, iko sawa. Nyingi nimezitoa baada ya kuangalia kitu kwa muda mfupi kuliko vile unapika chai. Kuna watu huku wametoa pesa zao kwa neno langu, na siwajui wote.

Juzi mjomba amepiga tena. Jirani yake anataka injini, kuna moja hapa Mombasa, je, naweza kwenda kuiangalia? Nilinyamaza kidogo. Nikamwambia nitaenda, lakini asisubiri video. Nitampigia jioni.