Mmarekani Aliyesikiliza, na Sisi Tunaoimba Kwao

Howard Olson alizaliwa Minnesota mwaka 1922, akaingia Tanganyika mwaka 1946 akiwa mmisionari wa Kilutheri, na utumishi wake huko ukaendelea hadi mwaka 1988. Aliishi ughaibuni zaidi ya miaka arobaini, na ughaibuni wake ulikuwa nyumbani kwetu. Tangu alipofariki mwaka 2010, wanaomkumbuka humtaja kama mcha Mungu aliyependa muziki maisha yake yote. Sifa hiyo ni ya haki, ila kwa Watanzania tunaoishi Marekani haitoshi. Maisha yake yanatufundisha namna ya kukaa ugenini: sikiliza kwanza, kisha wapelekee wa kwenu ulichokisikia. Mwenye kazi hiyo hasumbuki kuchagua nyumba moja kati ya mbili, kwa maana kila moja inamhitaji kwa ajili ya nyingine.

Ushahidi unaanzia kwenye lugha. Mwaka 1964 Olson alitoa utafiti wa kina kuhusu sauti na maumbo ya maneno ya Kirimi, lugha ya Wanyaturu wa Singida. Katika lugha ya toni kama hiyo, kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya maana, na tuni iliyotungwa kwa Kijerumani au Kiswidi inaweza kuyavuruga maneno yanayoimbwa. Hata Kiswahili, kisicho na toni, huumia mkazo unapoangukia silabi isiyo yake, kama inavyotokea katika tenzi nyingi zilizotafsiriwa. Aliyezoeza sikio lake hivyo ana sababu ya kuzithamini tuni za wenyeji kuliko kuwapa za kwake tu. Akiwa mwalimu katika chuo cha theolojia cha Makumira, karibu na Arusha, Olson aliwahimiza wanafunzi watunge kwa tuni za makwao, akazikusanya nyimbo hizo na kuzifasiri kwa Kiingereza. Mmojawapo ni “Mfurahini, Haleluya”, ulioandikwa na Bernard Kyamanywa mwaka 1966 kwa tuni ya Kihaya. Leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa Marekani cha mwaka 2006, kwa tafsiri ya Olson, na Wajerumani wanao kitabuni mwao, namba 116.

Wapo watakaosema kwamba namsifu mmisionari kwa kuturudishia kilichokuwa chetu. Hoja hiyo ina uzito. Wamisionari wengi waliotangulia waliziita ngoma zetu upagani, na Wakristo wakafundishwa kuziacha mlangoni mwa kanisa. Tena wenye vipawa vya kutunga walikuwa Kyamanywa na wenzake, na heshima ya kwanza ni yao. Lakini kukiri hayo hakumwondolei Olson stahili yake. Alikuwa na mamlaka ya mwalimu na angeweza kuyatumia kufundisha tenzi za kwao peke yake. Aliyatumia kuwafungulia vijana njia, na kwa kufanya hivyo alimfuata Luther mwenyewe, ambaye tangu nyimbo zake za mwaka 1524 alitaka washarika waimbe kwa lugha yao.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Tuni ya Kihaya ikishaandikwa kwa nota na kupigiwa kinanda katika usharika wa Minnesota, ngoma, makofi na mwendo wa mwili hubaki nje. Wimbo unageuka pambo la Jumapili moja ya Pasaka. Nakubali, na hapo ndipo wajibu wetu unapoanza. Karatasi haiwezi kufundisha mwanzishaji aingie lini na kusanyiko limwitikie vipi, wala besi izunguke wapi wakati soprano imetulia. Hayo hufundishwa na watu, na watu hao tuko hapa. Kama ibada yetu ya Kiswahili ni mahali pa kutuliza hamu ya nyumbani tu, tutakuwa tumekaa ugenini pasipo kusikilizana na mtu, na watoto wetu watairithi hamu ya mahali wasipopajua.

Kwa hiyo kwaya zetu zina kazi mbili. Ya kwanza ni kuwafundisha wenyeji nyimbo hizi jinsi zinavyoimbwa kwetu, na kutaja majina ya watunzi kila zinapoimbwa. Ya pili ni kujifunza nyimbo zao kwa uzito uleule na kuzipeleka Iringa, Bukoba au Moshi tunapokwenda likizo. Uhusiano wa “Bega kwa Bega” kati ya Dayosisi ya Iringa na Walutheri wa eneo la St. Paul tayari unatoa njia. Watoto wasiojua Kiswahili waanze na kibwagizo, maana sauti hukubali kabla ya sarufi. Mzee wa Minnesota alijifunza Kirimi ukubwani. Sisi hatuna udhuru wa kushindwa kuwafundisha wetu “Haleluya” ya Kihaya.